Lami Kwanza, Miti Baadaye: Kutengeneza Saketi ya Assetto Corsa

Saketi nyingi za wanaoanza kuitengenezea Assetto Corsa, gemu ya mbio za magari, hufia kwenye mapambo. Mtu anapanda msitu, anajenga jukwaa la watazamaji, anabandika mabango, halafu gari likiwekwa barabarani linazama ardhini kama jiwe. Chora lami tupu, iendeshe mpaka ikunogee, ndipo upambe.

Kazi huanzia Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, ambako uniti 1 ni mita 1. Usikadirie upana kwa macho: barabara ya mita 7 ukiitazama kutoka juu ni pana, ukiingia garini ni uchochoro. FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, hutaka saketi mpya za Formula 1 ziwe na angalau mita 12, na 15 pale magari yanapojipanga kuanza. Anzia hapo.

Gemu haijali lami yako ina rangi gani. Inasoma jina la umbo. Kila linalokanyagwa au kugongwa lianze na namba, kisha aina yake: 1ROAD, 1GRASS, 1WALL. Ukiliita ROAD tu, barabara utaiona lakini tairi halitaigusa. Dalili ni hiyohiyo nyuso za umbo zikielekea chini, kwa hiyo ndani ya Blender washa kionyeshi cha mwelekeo wa nyuso; palipo pekundu, geuza.

Kona ndizo zinazoumbua. Tairi halijui mviringo, hupanda kila ubapa uliouweka. Ukiunda kona yenye mwinamo kwa vipande vya mita 5, usukani utagongagonga kila kwenye kiungo. Shuka hadi mita 1 au pungufu. Wenye uzoefu huwa na barabara mbili: moja nyepesi ya kuonekana, nyingine laini ya kuendeshea, isiyochorwa kwenye skrini. Hiyo ya pili ikatekate, maana umbo moja halibebi zaidi ya vipeo (nukta za pembe zake) 65,535.

Gemu pia huhitaji alama za kuionyesha magari yakae wapi: za kuanzia mbio ni AC_START_0, za piti (maegesho ya matengenezo) AC_PIT_0, na kuendelea. Hesabu huanza na 0, na idadi zake zilingane. AC_TIME_0_L na AC_TIME_0_R hukaa kushoto na kulia kwa mstari wa kuhesabia muda. Alama zote ziinue kidogo juu ya lami, mhimili wa Y ukielekea juu na Z mbele, la sivyo gari litaanza mbio limelala ubavu.

Kutoka Blender toa faili la FBX (muundo wa kuhamishia maumbo ya 3D), lifungue kwenye ksEditor, programu ya watengenezaji wa gemu, hifadhi kama kn5, muundo ambao gemu husoma. Saketi ikitokea kubwa mara 100, si uchawi: FBX huhesabu kwa sentimita. Rekebisha kipimo wakati wa kutoa faili, usiivute kwa mkono.

Magari ya kompyuta subiri nayo hadi mwisho. Hufuata fast_lane.ai, mstari unaourekodi kwa kuendesha mwenyewe, na ukisogeza kona hata mita 2 baada ya hapo, yatakwenda moja kwa moja ukutani. Utarekodi upya.