Nilivyoondoa foleni kwenye kufuli la kumbukumbu la xv6

xv6 ni mfumo endeshi mdogo wa kufundishia wa MIT, uliojengwa kwa kufuata Unix toleo la sita. Naupenda kwa sababu kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, unaweza kuisoma yote ukaimaliza. Zoezi nililolichukua linahusu kalloc.c, faili linalogawa kumbukumbu kwa kurasa za baiti 4096.

Kurasa zote zisizotumika zimeunganishwa kwenye mnyororo mmoja, na mnyororo mzima unalindwa na kufuli moja, linaloruhusu prosesa moja tu kuugusa kwa wakati mmoja. Prosesa inayolikosa kufuli hilo hailali; inazunguka palepale ikijaribu tena na tena mpaka ilipate. Prosesa zikiwa nane ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, nyingi zinazunguka bure.

Nikaipa kila prosesa mnyororo wake na kufuli lake. Kuigeuza kmem, muundo unaobeba mnyororo na kufuli lake, kuwa safu ni kazi ndogo. Cha kuangalia ni cpuid(): inakupa namba ya prosesa uliyopo, lakini katizo la saa (ishara inayoisimamisha prosesa ili ishughulikie jambo jingine) likiingia hapohapo, mchakato wako unaweza kuendelezwa kwenye prosesa nyingine ukiwa bado na namba ya zamani. Ndiyo maana push_off() inatangulia kuzima makatizo, na pop_off(), inayoyarudisha, inangoja mpaka namba iishe kazi.

Utamu wenyewe uko kwenye kuibiana. Mfumo unapowaka, prosesa 0 ndiyo inayoita freerange(), inayoingiza kurasa huru kwenye mnyororo, kwa hiyo kurasa zote zinaangukia kwake na wenzake wanaanza mikono mitupu. Mnyororo wako ukiwa mtupu, sharti uchote kwa jirani. Hapo nilichukua kalamu na karatasi kwanza. Tuseme 0 imeshika lake na inataka la 1, huku 1 imeshika lake na inataka la 0: zote mbili zitangoja milele. Watafiti wa kompyuta Coffman na wenzake walitaja mwaka 1971 masharti manne ya mkwamo wa aina hii, na likikosekana moja tu, mkwamo haupo. Nililolivunja ni lile la kushika kimoja huku ukingoja kingine. Unaachia kufuli lako, unashika la jirani, unachota, unaliachia, ndipo unarudi kwako. Nachota kurasa 32 kwa mkupuo, maana ukichukua mojamoja utakuwa mlangoni kwa jirani kila saa.

Jaribio la kalloctest huhesabu mizunguko ya kusubiri kwenye makufuli haya. Hesabu ilishuka mpaka karibu na sifuri.

Kona moja nimeiacha makusudi. Ukishampita jirani ukamkuta mtupu, anaweza kurudishiwa ukurasa nyuma yako, nawe ukamaliza mzunguko na kutoa 0, yaani "hakuna ukurasa", ilhali kumbukumbu ipo. Kuiziba kungehitaji kushika makufuli yote manane kwa mpangilio wa namba. Lakini fork(), inayozaa mchakato mpya, tayari inajua la kufanya ikipewa 0: inarudisha -1, na programu ikitaka itajaribu tena.