Jicho jekundu: tazama matongo kabla ya kununua dawa

Ikifika Septemba vumbi la Arusha linakufuata hadi kitandani, na matone ya macho yanauzika kama njugu. Mtu anafika dirishani anasema "macho mekundu", anapewa kichupa. Lakini wekundu peke yake hausemi kitu. Uliza matongo yakoje, jicho linawasha au linauma, na anaona vizuri?

Likiwasha kuliko kuuma, tena macho yote mawili, na chafya juu yake, huo ni mzio. Ute wake unavutika kama uzi. Mtoto anayefikicha kutwa hadi weupe wa jicho umeanza ukahawia apelekwe kwa mtaalamu wa macho.

Virusi huanza jicho moja, siku mbili tatu baadaye wanahamia la pili. Machozi ni majimaji, unahisi kama mchanga ndani, na pengine kuna kitezi mbele ya sikio kinachouma ukikibonyeza. Ndiyo "red eyes" ya Januari 2024 iliyowashika watu Dar es Salaam. Antibiotiki haiwagusi virusi. Weka kitambaa safi cha maji baridi, taulo na mto usichangie na mtu, subiri wiki moja hadi mbili.

Bakteria wanajulikana asubuhi: matongo mazito ya njano au kijani, kope zimegandana. Chemsha maji, yapoe, futa kwa pamba kutoka puani kwenda nje. Pamba ikipita mara moja, tupa. Kisha vuta kope ya chini, weka mstari wa sentimita moja wa mafuta ya tetracycline ya macho (siyo ya ngozi!). Uoni utakuwa na ukungu dakika chache, ni mafuta tu.

Chokea, kile kijipu cha kwenye kope, kikande kwa maji ya uvuguvugu dakika 10, mara nne kwa siku. Usikitumbue.

Kinachotutisha ni jicho linalouma kweli, linalokimbia mwanga, au lenye doa jeupe juu ya mboni, hasa baada ya kuchapwa na jani la mahindi au tawi la kahawa. Hapo fangasi huingia. Soma boksi la matone: ukikuta dexamethasone, betamethasone au prednisolone (hizi ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe), usiweke bila kupimwa. Wekundu utashuka kesho yake, umshukuru muuzaji, huku fangasi wanakula kioo cha jicho. Nenda hospitali ya KCMC au Mawenzi, kule Moshi, siku hiyo hiyo.

Fundi wa kuchomelea pale mtaa wa Unga Limited, Arusha, aliyefanya kazi bila kinga ya macho hasikii maumivu mchana. Maumivu humwamsha usiku, saa 6 hadi 12 baadaye. Saruji au chokaa ikiingia, mwagia maji safi dakika 30 hapo hapo, ndipo utafute usafiri.

Mtoto mchanga wa chini ya siku 28 akitoka usaha machoni, usimkamulie humo maziwa ya mama wala usingoje kesho: kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa kinaweza kutoboa jicho haraka sana.