Nilivyong'arisha madirisha ya plastiki ya Suzuki yangu ya turubai

Kabla hujamlipa fundi akukatie plastiki mpya, mwagia dirisha lako maji, kisha tazama kupitia hapo palipolowa. Ukiona barabara vizuri, ujue ukungu uko juu juu: ni mikwaruzo midogo ambayo maji yameijaza kwa muda. Likibaki la njano au jeupe hata likiwa limelowa, limeharibika hadi ndani na polishi haitaliokoa.

Kwenye Suzuki Samurai yangu, dirisha la nyuma na la kulia yalifaulu jaribio hilo. La kushoto lilikuwa limegeuka kahawia, limekakamaa na kupasuka kwenye mkunjo. Fundi turubai wa Mwanjelwa aliniambia, "Bosi, tung'oe yote." Nikamwachia la kushoto tu.

Plastiki hii ni PVC iliyotiwa kilainishi kiwandani. Jua na joto hukitoa kilainishi hicho kidogo kidogo, na huku Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, jua huunguza hata siku ya baridi. Halafu kuna vumbi la kiangazi. Anayefuta dirisha kwa tambara kavu anasaga mchanga juu ya plastiki laini, na naamini madirisha mengi huku yamekufa kwa tambara kuliko kwa jua.

Kwa hiyo nilianza na maji mengi, nikaacha vumbi litiririke lenyewe, ndipo nikaosha kwa sabuni ya maji na kiganja kitupu. Petroli, thina na spiriti sikuvigusa kabisa. Vinanyonya kilainishi na kuiacha plastiki imekauka. Pia ipo dawa ya taa za mbele inayochemshwa mpaka itoe mvuke. Ile ni ya plastiki ngumu ya taa. Hapa itayeyusha dirisha.

Kazi yenyewe niliifanya kivulini, plastiki ikiwa imepoa. Kwa kuwa dirisha linabonyea, mtu wa pili anahitajika. Mdogo wangu alikaa ndani ya gari, akashikilia ubao uliozungushiwa blanketi nyuma ya sehemu ninayosugua. Bila egemeo hilo mkono unazama, na polishi inakula pembeni tu. Penye mikwaruzo inayokwama kucha nilipitisha msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kwa wepesi, nikimwagia maji muda wote. Hapo dirisha huwa jeupe kama maziwa na roho inashtuka, lakini endelea. Nikapaka polishi ya plastiki kwa flana laini, sehemu ndogo ya ukubwa wa kiganja, nikizungusha mpaka ikaribie kukauka, nikafuta kwa flana safi na kurudia. Upande wa ndani nao unadai zamu yake. Ukiuacha, utadhani polishi ni mbovu.

Mikwaruzo mirefu miwili imebaki, na nimeiacha kwa makusudi, maana kuifuta kabisa kungeipunguza plastiki mno. Usiku sasa, nikishuka kuelekea Tukuyu kwenye mvua, taa za malori yanayonifuata zinaonekana kila moja mahali pake badala ya kutapakaa dirisha zima.

Miezi ya Juni na Julai sikunji turubai asubuhi. Nasubiri jua liipashe plastiki, naliviringisha badala ya kulikunja, na blanketi inakaa katikati.