Siku moja na kompaila iliyokuwa kali ghafla

Watu wakisikia nashughulika na seva za watafiti, wanadhani kazi yangu ni kubadilisha nywila na kurudisha intaneti ikikatika. Basi ngojeni niwasimulie Jumatatu yangu. Wikendi nzima nilikuwa naipandisha seva kutoka toleo la 12 la Debian, mfumo endeshi wake, hadi la 13.

Saa mbili asubuhi: nakala za akiba sawa, diski zina nafasi, chai.

Saa tatu: nikaanza kujenga upya, yaani kugeuza msimbo uliosomeka na watu kuwa programu ya kuendeshwa, zile programu huria zisizopatikana kwenye hazina ya Debian. Nyingi zikapita bila neno.

Saa nne na nusu ikakwama ile ya kusoma data za mvua, iliyoandikwa kwa lugha ya C miaka ya tisini. Skrini ikajaa wekundu. Asiyezoea huangalia mstari wa mwisho. Mimi hupanda juu kulitafuta kosa la kwanza, kwani mengi yanayofuata limeyazaa lenyewe. Hapa ilikuwa fankisheni (kipande cha msimbo chenye jina) inayoitwa bila kutangazwa kwanza. Kanuni za C za 1999 zilishapiga marufuku jambo hilo, ila GCC, kompaila yetu, yaani programu inayofanya huo ugeuzaji, ikawa inatoa onyo tu na kuendelea. GCC 14 ya mwaka 2024, ambayo ndiyo iliyokuja na Debian 13, haina tena huruma hiyo.

Saa tano, mwenye programu hiyo, Profesa, huyo mlangoni.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba. Kijana wangu, Ijumaa ilikuwa inafanya kazi. Umeifanya nini?”

Mwanafunzi wake alishamwambia kwamba nikiipa kompaila swichi ya `-fpermissive`, makosa yatarudi kuwa maonyo. Kweli yatarudi. Lakini fankisheni isiyotangazwa huchukuliwa kuwa inarudisha namba ya biti 32. Kama kumbe inarudisha anwani ya kumbukumbu ya biti 64, nusu yake inakatwa, na programu inaanguka Profesa akiwa katikati ya hesabu zake. Nikakataa. Nikaongeza mistari ya `#include` iliyokosekana, ile inayoleta matangazo hayo, faili baada ya faili, naye kaketi pembeni anaongea na simu kwa sauti ya mnadani.

Adhuhuri ikapita. Ikajengeka! Profesa akaijaribu: “Mbona haisomi faili zilizobanwa?”

Hapo ndipo siku ilipoliwa. Skripti ya `configure`, inayokagua mashine kabla ya kujenga, ilishikilia kuwa zlib, maktaba ya kusoma faili zilizobanwa, haipo, nami naiona ipo. Profesa akasisitiza niiondoe niiweke upya. Nikafanya, kwa heshima tu. Jibu lilikuwa ndani kabisa ya `config.log`: skripti hupima maktaba kwa kukompaili kiprogramu kidogo, na hicho kiprogramu kinaita `exit` bila kuleta `stdlib.h`, faili lenye tangazo lake. Kompaila inakikataa, skripti inahitimisha kwamba zlib haipo, kisha inaendelea kimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Kosa linalopiga kelele silijali. Hili la kimya ndilo linalonizeesha.

Nikarekebisha kipimo kwenye `configure.ac`, nikaitengeneza skripti upya kwa `autoreconf`, nikafuta vilivyojengwa kwa `make clean`, tena kutoka mwanzo. Sijui ilikuwa saa ngapi; dada wa usafi aliniomba ninyanyue miguu apige deki.

Faili ikafunguka, grafu ya mvua ikachorwa.

“Kumbe ilikuwa ni kusubiri tu,” akasema Profesa, akachukua mkoba wake.

Nikahifadhi viraka, yaani marekebisho yangu, kwenye Git, ghala la kutunza mabadiliko ya msimbo. Kabla sijafika kituo cha basi, barua pepe yake ikaingia: anayo programu nyingine, ya Fortran, lugha kongwe kuliko C.