Shilingi 10,000 ya mtoto wa msingi ni ya mwaka mzima

Kuna namba moja natamani kila mzazi wa Dar aijue kabla hajaenda kugombana na mwalimu mkuu kuhusu michango, nayo ni 10,000. Hiyo ndo ruzuku serikali iliyompangia kila mtoto wa shule ya msingi ya umma, na ni ya mwaka, sio ya mwezi wala ya muhula. Kwenye kamati za shule tunaiita kapitesheni. Na hata hiyo 10,000 haifiki yote, 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu vya kiada, 6,000 ndo inaingia kwenye akaunti ya shule. Sekondari ni 25,000, na yenyewe inagawanywa, nusu vitabu, nusu shuleni.

Mishahara ya walimu iko pembeni, hiyo inalipwa kivyake, tusichanganye. Na posho ya madaraka ya mwalimu mkuu nayo iko kivyake, 200,000 kwa mwezi tangu 2016. Mi nazungumzia hela ya kuifanya shule ifunguke asubuhi na ifanye kazi. Chaki, karatasi za mitihani, wino, kitasa kilichovunjika, bati lililong'oka na upepo, mpira wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, bili. Yote hayo yamo ndani ya ile 6,000.

Sasa chukua kalamu. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawa 6,000 kwa 194 unapata kama shilingi 31 kwa siku kwa mtoto. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala hapa mjini ni 200, kwenda na kurudi 400, kwahiyo hela ambayo shule inapokea kumuendesha mwanao mwaka mzima wewe unaimaliza kwa konda ndani ya siku 15 tu za shule. Mtoto wa darasa la kwanza anayeanza Januari, kufika mwanzoni mwa Februari ushatumia nauli kuliko shule yake itakavyopata kwa ajili yake hadi Desemba.

Kiwango hiki hakijatoka hewani. Mwaka 2001 serikali ilifuta ada shule za msingi, 2002 ukaanza MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, wengi tunaukumbuka kwa yale madarasa yaliyoota kila mahali. Ndani ya MMEM ndo ikawekwa ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi, na wakati huo dola ilikuwa haijafika hata shilingi 1,000, ndo maana ikasomeka kama 10,000. Hela ilikuwa na maana. Lakini ikagandishwa kwa shilingi. Leo dola imepita 2,400, kwahiyo ile dola 10 imekuwa dola 4 hivi, na hapo hatujagusa bei za vitu zenyewe. Rimu moja ya A4 hapa mjini haishuki 10,000. Yaani ruzuku ya mtoto mmoja ya mwaka, ile inayofika shuleni, hainunui rimu moja. Zaidi ya miaka 20 kila kitu kimepanda, mishahara imepanda, nauli zimepanda, posho zimepanda, hii imebaki pale pale, na sijawahi kuona watu wakiibishia mitandaoni hata robo ya tunavyobishania tozo.

Mi niko kwenye kamati ya shule, upande wa wazazi, shule ya msingi huku Temeke, jina siliweki kwasababu walimu wake hawana kosa lolote. Shule ina watoto kama 1,200. Piga hesabu mwenyewe, 1,200 mara 6,000 gawa kwa 12, ni 600,000 kwa mwezi. Mara ya kwanza kuiona kwenye taarifa ya mapato na matumizi niliona ni hela nyingi. Halafu mwalimu wa fedha akaanza kusoma matumizi mstari kwa mstari. Karatasi na wino wa mashine ya kudurufu, kwasababu mitihani ya mwezi ya watoto 1,200 sio mchezo, ukiweka kurasa 2 tu kwa kila somo rimu zinaisha kama maji. Luku. Maji. Fundi wa madawati. Gari la kunyonya choo, na huku kwetu maji yako juu, mvua za masika zikianza mashimo yanajaa ndani ya wiki chache, gari ni laki moja na nusu kwa tripu na tripu moja haitoshi. Mlinzi hayumo kwenye ruzuku, mlinzi lazima atoke mfukoni kwa wazazi, na bila mlinzi asubuhi unakuta madirisha hayana nondo. Alipofika mwisho mwezi ulikuwa umeisha na hela imeisha na chaki zilikuwa bado.

Ndo hapo "hela ya mtihani" inapozaliwa. Mia tano, buku, kila mzazi anaijua. Mtoto anakuja jioni "mama, mwalimu kasema mia tano kesho". Kwenye kikao bibi mmoja anayelea wajukuu watatu alisimama akasema, "Mwalimu mwanangu, mimi watatu wangu ni elfu moja mia tano kila mwezi, na redio inasema elimu bure, sasa nikikosa wajukuu zangu wanafukuzwa?" Mwalimu mkuu akamjibu, "Shikamoo bibi, hawafukuzwi, watafanya mtihani kama wenzao." Bibi akaketi. Lakini wote mle ndani tulijua kwamba hiyo karatasi ya wajukuu wa bibi inalipiwa na mtu, na mara nyingi ni mwalimu wa darasa mwenyewe.

Sipingi elimu bila ada, niseme hilo wazi. Waraka Namba 5 wa 2015, uliotekelezwa kuanzia Januari 2016, ulifuta ada hadi kidato cha nne. Sekondari ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka na bweni 70,000, kwa mtu wa mshahara unaona ndogo, ila kuna watoto waliorudishwa nyumbani kwa 20,000 hiyo hiyo. Mwaka wa fedha 2022/23 na kidato cha tano na sita wakaingia. Na jambo jingine zuri sana la 2016 ni kwamba hela ikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule badala ya kuzungukia halmashauri, na inakuja kila mwezi. Hilo ni badiliko kubwa, aliyekuwa kwenye kamati kabla ya hapo anaelewa. Darasa la kwanza lilifurika mwaka ule, Mbagala, Chanika, Kivule, Goba, watoto wakawa wanapishana zamu ya asubuhi na ya mchana, wengi wao ni watoto ambao bila waraka ule wangekuwa wanauza karanga stendi.

Shida ni kwamba ada iliondoka lakini kilichokuwa kinalipiwa na wazazi hakikuondoka. Waraka Namba 3 wa 2016 ulieleza nani anafanya nini, serikali ruzuku, mzazi sare, madaftari, chakula na matibabu ya mtoto wake. Halafu Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, akasema mzazi anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi, sio kwa mwalimu. Nia ilikuwa kumlinda mtoto asifukuzwe na hapo alikuwa sahihi kabisa. Ila ruzuku ilibaki ile ile. Kwahiyo michango haikufa, ilijificha, ikawa "makubaliano ya wazazi", ikawa "ya hiari", mwanafunzi kiranja anakusanya, hakuna risiti, hakuna kitabu, na hela isiyo na risiti ndo inapotea. Mwalimu mkuu akipokea anaogopa kuvuliwa cheo, asipopokea shule haina chaki. Nimewaona wakihangaika na hili kwa macho yangu na naumia nikisikia mtu redioni anawaita wezi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Mi nimesoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, imenilipia ada na boom, yaani hela ya kujikimu, na kila mwezi nakatwa 15% ya mshahara kama sheria ya 2016 inavyotaka, nalipa bila kinyongo, na ile 6% ya kulinda thamani ilipofutwa 2021 nilishukuru sana. Kwahiyo nikiongelea mikopo naongelea kitu kilichonitoa. Mwaka 2022 boom ilipandishwa kutoka 8,500 kwa siku hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku! Namba ni ile ile, 10,000. Mwanachuo ni chakula na malazi ya siku moja, mtoto wa msingi ni uendeshaji wa shule yake kwa mwaka.

Najua ni vitu viwili tofauti, boom ni deni linarudishwa na ruzuku hairudi, boom ni tumbo na ruzuku ni chaki. Na simwambii mtu boom ipungue, mwanachuo aliyepanga Sinza au Changanyikeni hiyo 10,000 haimtoshi, najua nilivyoishi. Nachosema ni kwamba boom ilipanda kwasababu wanachuo wana sauti, wana serikali za wanafunzi, wakichelewewa wiki mbili nchi nzima inajua, wabunge wanasimama. Bajeti ya mikopo ilikuwa bilioni 570 mwaka 2021/22, ikafika bilioni 787 mwaka 2024/25. Mtoto wa darasa la pili hana rais wa wanafunzi. Sauti yake ni sisi wazazi, na sisi tumeimalizia kwa mwalimu mkuu.

Kuna ishu nyingine ya kimfumo ambayo inatupoteza. Shule za msingi na sekondari ziko TAMISEMI, sera na vyuo vikuu na Bodi ya Mikopo viko Wizara ya Elimu. Bajeti ya elimu ikisomwa Dodoma watu wanasikia matrilioni, wanadhani shule ya mtaani kwao imo humo, kumbe sehemu kubwa ya fedha za maendeleo za wizara ni hiyo mikopo. Hela ya chaki iko kwenye fungu jingine, siku nyingine, wizara nyingine, na siku hiyo mjadala mkubwa ni barabara na zahanati.

Majengo tumepata, tena mengi. Mkopo wa IMF wa UVIKO-19, trilioni 1.3, ulijenga madarasa 15,000 mwishoni mwa 2021. Ikaja miradi, BOOST kwa msingi, SEQUIP kwa sekondari, vyuo vikuu vikapata HEET ya dola milioni 425. Nashukuru, darasa la vigae lenye madirisha ya alumini ni heshima kwa mtoto. Ila jengo linapata mfadhili, linapata uzinduzi, linapata utepe. Kitasa cha mlango wa hilo jengo hakina mfadhili. Kila darasa jipya linaongeza mzigo kwenye ile laki sita, taa, rangi, vyoo, na hakuna mradi unaokuja na hela ya kulitunza.

Na mbele kuna kazi kubwa zaidi. Sera mpya imeshusha msingi kuwa miaka sita, mtaala mpya umeanza 2024, kwahiyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja na Januari 2028 wanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja, mikupuo miwili kwenye mlango mmoja. Serikali inajenga kwa ajili hiyo, naona. Lakini na mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi sekondari, nao unataka mbao, nyaya, vitambaa, unga, vitu vinavyotumika vikaisha na kununuliwa tena kila muhula, sio mashine za kununua mara moja. Ukiweka amali juu ya 12,500 kwa mtoto kwa mwaka, fundi anafundisha ubaoni.

Mimi nataka mambo matatu, na la kwanza ndo kubwa, kiwango cha ruzuku kipitiwe kila mwaka kwenye bajeti kama wanavyopitia viwango vingine, na kianzie walau kwenye thamani ya ile dola 10 ya 2002, yaani 24,000 kwenda juu, na hiyo sio kuongeza, ni kurudisha tu. Pili kila shule ipate kiasi cha msingi hata kama ina watoto wachache, maana choo na mlinzi havihesabu vichwa. Tatu, kuchangia kuruhusiwe waziwazi, kwa risiti, kwa namba ya malipo ya serikali, na iandikwe kabisa kwamba hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani.

Kwenye kamati yetu tumekubaliana. Barua inaandikwa kwa diwani na nakala kwa mbunge, na itafika kabla ya Aprili, kabla Bunge la bajeti halijaanza. Tumeambatanisha taarifa ya mapato na matumizi ya miezi 12, kila mstari, hadi tripu za gari la choo. Mwalimu mkuu ameigongea muhuri. Shule ya jirani wameomba nakala watengeneze na ya kwao, na nimewatumia jana jioni.