Ombi la kalavati lina msimu wake

Kila Juni bajeti ya Uganda inaposomwa, utasikia watu wakilalamika redioni kwamba barabara ya kijiji chao haimo. Wamechelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka mapendekezo ya bajeti yafike Wizara ya Fedha kufikia 15 Novemba, bajeti yenyewe iingie Bungeni kufikia 1 Aprili na kupitishwa kufikia 31 Mei. Juni tunasomewa tu.

Basi kijiji kikae kikao Agosti, na ombi lipelekwe penye fedha. LC1, yaani baraza la kijiji, na LC2, la parishi iliyo juu yake, kisheria ni vitengo vya utawala tu. Vijijini, serikali za mitaa zenye bajeti ni LC3 ya gombolola, yaani eneo lenye parishi kadhaa, na LC5 ya wilaya. Njia za kuingia vijijini ni za gombolola. Ukizipeleka wilayani, barua italala kwenye faili.

Barua yenyewe isiishie "tunaomba barabara itengenezwe". Andikeni: njia ya kutoka shuleni hadi sokoni, kilomita 3, kijito kinaikata karibu na mwembe, upana mita 2, masika maji hufika magotini. Ambatanisheni kumbukumbu za kikao zenye tarehe, sahihi na muhuri wa LC1. Mhandisi akipata vipimo atakadiria gharama. Asipovipata, hana tarakimu ya kuingiza kwenye bajeti.

Hata hivyo diwani anaweza kukubali na asiwe na la kufanya. Fedha nyingi za wilaya hutoka Kampala zikiwa zimeshapangiwa kazi, na za mishahara ya walimu hazinunui kalavati. Kodi ya kichwa ilipofutwa 2005 watu walishangilia, na walikuwa na haki, maana walikuwa wakikamatwa kwa ajili yake. Lakini ndiyo iliyokuwa fedha ambayo madiwani waliipangia wenyewe, na pengo lile naliona hadi leo katika kila njia iliyokatika. Kilichobaki ni kidogo: ushuru wa soko, leseni. Gombolola hubaki na asilimia 65 ya mapato hayo, na robo ya fungu hilo ni ya vijiji. Iulizieni.

Ombi likipita, msilale. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na fedha zisizotumika hadi 30 Juni hurudi hazina. Oktoba mwendeeni mkuu wa gombolola mkamuulize kama zabuni imetangazwa. Mkandarasi asipopatikana kufikia Januari, mvua za Machi zitamkuta hajachimba hata mtaro.