Nilivyosaka virusi vya kuwatibu perege wa ami

Ami yangu ana bwawa la perege huko Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Alilichimba kwa vipimo vya yale mabwawa ya samaki ambayo serikali ya Kenya iliwachimbia wakulima kuanzia 2009, mita za mraba 300, akajaza vifaranga kupita kiasi kama wafanyavyo wengi. Mwaka wa pili, kila akivuta wavu, baada ya siku mbili tatu perege huanza kuelea: wekundu chini ya mapezi, tumbo limevimba, macho yametokeza. Duka la dawa za mifugo likamuuzia unga wa antibayotiki ya kuku. Akautia. Samaki wakatulia wiki moja, kisha vifo vikarudi.

Mimi wakati huo nilikuwa natafuta mada ya mradi wangu wa mwisho wa maikrobayolojia, na kichwa kimejaa bakteriofaji, au faji kwa kifupi, virusi ambavyo mawindo yake ni bakteria tu. Mwanasayansi Twort aliwaandikia wenzake habari za virusi hivyo Uingereza mwaka 1915, mwenzake d'Hérelle akavipa jina Paris mwaka 1917, na huko Tbilisi, Georgia, taasisi ya kuvishughulikia ipo tangu 1923. Nikamwambia ami nitamtafutia virusi vya kutibu samaki wake.

"Yaani mwanangu waniletea ugonjwa juu ya ugonjwa?"

Miezi miwili ya kwanza niliipoteza bure, na kosa ni langu. Nilipangusa kidonda cha samaki kwa pamba, nikaotesha kwenye sahani za maabara, nikachagua koloni (kundi la bakteria wa uzao mmoja) lililoota kwa wingi nikaanza kulitafutia faji. Kumbe kidonda cha samaki ni jalala, kila bakteria wa majini hupita pale. Msimamizi wangu aliziangalia sahani zangu akauliza neno moja tu: "Umepasua?" Sikuwa nimepasua. Anayetakiwa ni samaki anayekata roho, si aliyekufa jana. Unamfungua ubavu kwa mkasi uliopitishwa motoni, unasogeza utumbo bila kuutoboa, unasogeza kibofu cha hewa, na pale juu, chini kabisa ya uti wa mgongo, utaliona figo limelala kama utepe wa damu iliyoganda. Unachoma kitanzi cha waya humo mara moja, basi. Kilichoota kutoka kwenye figo kilikuwa bakteria wa aina moja safi, Aeromonas hydrophila, wala hakikuwa kile nilichokihangaikia miezi miwili. Faji huchagua sana. Inayoua aina hii humpita jirani yake kama haimwoni.

Faji hukaa palipo na windo lake, kwa hiyo unaifuata kwenye maji machafu. Nilichota ya bwawa la ami, na ya mtaro nyuma ya wanapopara samaki sokoni (huku kina mama wakiniuliza kama nimetumwa na kaunti). Unayachanganya na mchuzi wa kuoteshea wenye bakteria, unalaza usiku, asubuhi unayazungusha kwenye mashine takataka zitulie, kisha unayapitisha kwenye chujio la maikromita 0.22. Bakteria hukwama, faji hupenya. Maji yale unayatia pamoja na bakteria wapya katika agari laini (ute wa mwani unaoganda ukipoa) ya nyuzi kama 45, unamimina upesi juu ya sahani. Hapo ndipo nilipoharibu sahani nyingi, kwa sababu agari ikipoa kidogo huganda mabonge, ikizidi moto inawachemsha bakteria. Stima ilikatika mara mbili chupa ikiwa mkononi. Nikaishia kuitunza joto agari kwa beseni, kipimajoto na birika la chai.

Asubuhi moja niliinua sahani dirishani. Zulia la bakteria lilikuwa na ukungu wake wa kawaida, na ndani yake vitundu angavu, vidogo kama punje za mtama, mfano wa kanga iliyoliwa na nondo. Kila kitundu kilianza na faji moja iliyoingia ndani ya bakteria, ikazaana humo hadi akapasuka, na wazao wakawarukia majirani. Vitundu vyenye ukungu katikati niliviacha, maana mara nyingi hiyo ni faji inayojificha ndani ya jeni za bakteria badala ya kumuua, na huweza hata kumhamishia jeni za sumu.

Nilisherehekea mapema. Nilitia faji yangu kwenye chupa ya bakteria saa nne asubuhi, na kufika alasiri mchuzi ulikuwa mweupe kama maji. Kesho yake ulikuwa umechafuka tena. Bakteria wachache waliokuwa wamebadili ngozi, faji ikakosa pa kushika, walibaki na kuijaza chupa usiku kucha. Dawa yake ni kuwachukua hao hao waliobaki na kuwatafutia faji nyingine. Ya pili ilitoka bwawani, ya tatu mtaroni. Zote tatu pamoja, chupa ilikaa safi siku mbili.

Kwa samaki nilifanya kwenye ndoo, ndani ya maabara, kwa kibali cha msimamizi. Japani walishafanikiwa kuwalisha samaki waitwao ayu chakula kilichotiwa faji, nami nikanyunyizia chakula changu, nikakipaka mafuta kidogo kisiyeyuke, nikakiweka mbali na jua kwani miale yake huua faji. Ndoo zilizolishwa faji kabla ya kuambukizwa zilipona kwa wingi kuliko zilizokosa. Zilizopewa baada ya samaki kuacha kula hazikusaidika. Samaki asiyekula utamlishaje dawa?

Bwawani kwa ami faji haijaingia, maana hilo lataka vibali. Kilichomwokoa mwaka huo ni kupunguza samaki nusu na kubadilisha maji, jambo alilokuwa ameambiwa tangu mwanzo. Ila chupa zipo kwenye friji ya maabara: Ganda 1, Ganda 2 na Mtaro. Ami amelalamika kwamba ya tatu haina heshima.

Baada ya masika akaniita tena. Nikapasua, nikatoa figo, nikajaribu faji zote tatu. Asubuhi zulia lilikuwa zima, bila kitundu hata kimoja. Nimefunga ndoo nyuma ya baiskeli, naenda sokoni kuchota mtaro.